Karatasi ya Tatu

Harrowmoor, 3 Mei 1664

Mpwa wangu Ambrose,

Pokea salamu nzito kama madini ya risasi tunayoyachimba. Mama yako mzima, kaka yako Nat mzima, na mimi mzima kuwashinda wote wawili, ingawa goti la kushoto siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko kasisi.

Habari ni hii. Bwana Sturmy, mwenye machimbo, anataka kulifungua tena shimo la kaskazini siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, na Nat ni mmoja wa watu tisa watakaoshuka. Shimo lile lina hewa mbaya. Haina harufu wala rangi, inalala chini kama maji. Mimi nimepigana nayo. Mwaka wa theluji kubwa nilishuka pima mia, nikaikaba koo, nikarudi juu na sungura watatu mkononi. Nimemweleza Sturmy, akanicheka mbele ya watu. "Gervase," akasema, "juzi tu ulituambia umemwona nguruwe akipiga tarumbeta." Nguruwe yule nilimwona, lakini hayo tuyaache.

Wewe ni mwandishi wa Daktari Pellow, na Sturmy humwogopa mtu yeyote wa London mwenye muhuri. Mwombe daktari amwandikie alifunge shimo.

Mjomba wako,
Gervase Hurdle


London, 14 Mei 1664

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila moshi wa mji huu umenipa kikohozi. Goti nalo lipe pole.

Nilimsomea daktari barua yako, nikawaruka sungura. Yuko tayari kuandika, ila si kwa hadithi. Yeye na wenzake wanaochunguza maumbile wanafuata mafundisho ya bwana mmoja mwanasheria, marehemu sasa karibu miaka arobaini. Alifundisha kwamba akili ya mtu huona inachopenda kuona. Kwa hiyo maumbile tusiyasemee, tuyaulize, tena kwa utaratibu. Basi chukua karatasi tatu. Ya kwanza, andika siku ambazo hewa mbaya ipo. Ya pili, siku ambazo ungeitazamia na haipo. Ya tatu, inavyozidi na kupungua, kwa kipimo. Andika ulichokiona kwa macho yako tu, na shahidi wa pili atie saini.

Nakuomba, mjomba, usitie chumvi. Ni maisha ya Nat.

Mpwa wako,
Ambrose


Harrowmoor, 31 Mei 1664

Mpwa wangu,

Sisi tungali tunapumua, na kikohozi chako kinywee maji ya moto na asali. Mimi niliwahi kumponya askofu kwa dawa hiyo, akaota na nywele.

Karatasi ya pili ilinichekesha. Nani huandika habari za mgeni asiyefika? Lakini Nat akaniambia hiyo ndiyo itakayotujulisha lini pana usalama, nikatii. Siku kumi tumeshusha mshumaa kwa uzi, maana penye hewa mbaya mshumaa huzimika. Siku sita za upepo wa baridi ulifika chini ukiwaka. Siku nne za joto na utulivu ulizimika zote nne. Naapa sijaongeza hata moja, ingawa mkono uliniwasha niandike saba.

Karatasi mbili hizi hapa, na saini ya Nat. Kama daktari anataka mtu wa kushuka mwenyewe, mwambie Gervase Hurdle yupo. Mashimo ya vilima hivi yananijua kwa jina.

Mjomba wako,
Gervase


London, 7 Juni 1664

Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua; nywele bado ni zilezile.

Daktari amezisoma mara mbili, akasema hajapata kuona kazi safi hivi kutoka kwa mtu wa machimboni. Lakini mshumaa ulioshushwa peke yake, anasema, hautoshi. Huenda ulizimwa na matone ya maji ukutani, na Sturmy atasema hivyohivyo. Anataka jicho la mtu kando ya mwali: unafifia pima ya ngapi, unazimika pima ya ngapi. Hiyo ndiyo karatasi ya tatu. Akiipata kabla ya Mtakatifu Yohana, ataandika siku hiyohiyo.

Kwa kuwa ulijitolea, nimemwambia utashuka wewe. Jiangalie sana.

Mpwa wako,
Ambrose


Harrowmoor, 16 Juni 1664

Ambrose,

Leo sikuulizi hali. Kaa chini kwanza. Nat amefariki.

Sijashuka shimo lolote miaka kumi na miwili, tangu ngazi iliponiangusha. Nikifika ukingoni miguu inakataa. Hakuna aliyejua ila Nat. Barua yako ilipofika akasema, "Wewe una kalamu, mjomba, mimi nina miguu. Kaa juu uandike."

Akaketi kwenye kitanzi cha kamba, mshumaa kaushika usawa wa magoti. Mimi nilizungusha gurudumu. Kila pima nilitia kigingi kulizuia, yeye akapaza sauti, nami nikaandika. Ilikuwa siku ya joto. Pima ya nane, unawaka. Ya tisa, mwali umefupika. Ya kumi, mdogo, wa buluu. Nikamwambia yatosha, nakuvuta. Akajibu, "Shusha moja tu. Ambrose anataka pale unapozimika."

Nikashusha. Akasema, "Umezimika."

Nikaandika. Unajua ninavyoandika, herufi moja, kisha napumzika. Nilitaka neno lile lisomeke vizuri mbele ya mabwana. Nilipoweka kalamu nikamwita, hakuitika. Nikavuta. Kamba ilikuja nyepesi.

Jana upepo uligeuka, wakamtoa. Sturmy ameziba shimo kwa mbao, wala hakungoja barua ya mtu. Hapa kijijini wanasema nilishuka kumwokoa nikashindwa. Sikusema mimi, Ambrose. Walisema wao, nami nikanyamaza. Mama yako ananishika mkono na kunishukuru.

Karatasi imo humu. Nimwambieje?

Gervase


London, 23 Juni 1664

Mjomba,

Karatasi imefika. Daktari ameisifu, itasomwa mbele ya wenzake. Ameuliza siku ile upepo ulikuwa ukitoka upande gani, maana hukuandika. Nimemrudishia kalamu zake, na kesho naanza safari kwa miguu.

Usimwambie mama lolote kabla sijafika. Mshumaa ulioshushwa peke yake ulitosha kulifunga shimo. Nilijua unatosha nilipokuwa nikiandika kwamba hautoshi, ila nilitaka daktari aendelee kuisifu kazi iliyotoka kwetu. Tutamwambia pamoja, wewe yako, mimi yangu.

Mpwa wako,
Ambrose