Babu Bado Anagombea Chai

Mjukuu wangu Paulina,

Marahaba. Huku Tlawi mahindi yamebeba, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeuliza kwa nini simpi babu yako dawa za UTI wakati mkojo kwenye mfuko wa ule mpira aliowekewa kibofuni umechafuka.

Nilipokuwa nesi kijana, tulimlaza mfugaji mzee wa Basotu aliyeishi na mpira wa mkojo miaka mingi. Mkojo ulipochafuka, nikaleta dawa. Akanicheka: "Mwanangu, ng'ombe mgonjwa unamjua akiacha kucheua." Kweli, mpira ukikaa muda mrefu wadudu hawakosekani, hata kama mtu haumwi.

Kila asubuhi aliniuliza kama mvua imenyesha kwao. Siku moja mkojo ulikuwa safi, lakini hakuuliza. Nikamgusa, anachemka! Tukabadilisha mpira, tukachukua mkojo kwenye mpira mpya, tukaupeleka maabara. Ilikuwa UTI kweli. Alipopata nafuu, neno lake la kwanza lilikuwa mvua.

Babu yako leo hana homa wala maumivu, na amegomba kwamba chai haina sukari. Siku akiinywa kimya, nitakupigia kabla sijaosha kikombe.

Bibi yako