Mbuzi Watatu Mpakani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepepeta ndengu tangu asubuhi. Vumbi hadi kwenye kope. Wateja wachache, na hao wachache wanataka kuonja konzi nzima kabla ya kununua kikombe kimoja.

Jioni kaka yangu Musyoka amefika kutoka soko la mifugo la Mwingi na mbuzi watatu. Majike wawili na beberu mweusi. Amewafunga nyuma ya duka kisha akaketi kuwatazama. Chai yake imepoa akiwatazama. Anasema amezunguka soko lote. Kwamba mbuzi wa ntheo, wa kupeleka kwa wakwe, hanunuliwi tu kama sufuria.

Ni wazuri. Sikumwambia, maana angeanza hotuba.

Alhamisi tunaondoka, Jumamosi wakwe wanatungoja. Mwanangu Kyalo amepata mke, Neema, Mchaga wa Rombo, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akishona nguo Loitokitok, Kyalo akapeleka suruali ipunguzwe, ikawa kila wiki ana suruali ya kupunguzwa. Sasa wanaishi Emali, Kyalo anachomelea mageti, na Neema ana mimba ya miezi sita. Ametangulia kwao kutungoja.


Jumatano, 6 Agosti

Mbuzi wamekula kamba ya kuanikia nguo. Na leso yangu moja.

Sijalala vizuri. Watu wa kanisani wananiuliza haraka ya nini, si watoto wamependana, si harusi itakuja. Nawaambia kwetu Ukambani harusi ni sherehe, ntheo ndiyo ndoa. Wanajua. Wanauliza tu.

Mimi sikupelekewa. Tulikuwa tunangoja mvua, kisha tunangoja mavuno, kisha mume wangu akaugua. Nilikaa kwao miaka kumi na moja, nikalima, nikazaa. Siku ya tatu baada ya mazishi wazee wa ukoo wakakaa chini, mmoja akauliza, huyu mama mbuzi zake zililiwa lini? Hakuna aliyejibu. Ikawa mimi ni mgeni aliyekaa sana. Nilitoka na Kyalo mkononi na sanduku kichwani, nikarudi Migwani kwetu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kyalo anapanda juu ya mageti na moto mkononi kila siku. Neema anaenda kuzaa. Chochote kinaweza kutokea kwa yeyote. Sitaki mtu yeyote, siku yoyote, amuulize huyo msichana mbuzi zake zililiwa lini. Nataka iwe imefanyika kabla mtoto hajazaliwa. Hilo tu.

Mwende, dada yetu mdogo, ameingia jioni na pikapu yake kutoka Kalamba. Anabeba machungwa ya watu hadi Mombasa na Loitokitok. Ameshuka, amewaangalia mbuzi, amecheka, amelala.


Alhamisi, 7 Agosti

Njiani. Kitui, Machakos, Wote. Naandikia kitandani kwa Mwende, Kalamba.

Nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu kazini. Nyumbani ni mtu wa kusahau chumvi kwenye mboga. Kwenye usukani ni mtu mwingine. Anaendesha huku anatafuna mahindi ya kuchoma na hakuna shimo linalompata. Karibu na Wote gurudumu la nyuma lilipasuka. Musyoka akaanza kueleza namna ya kuweka jeki. Alipomaliza kueleza Mwende alikuwa ameshafunga nati ya mwisho na anafuta mikono kwa gazeti. Nimejivunia dada yangu. Sijui kwa nini sijawahi kumwambia.

Askari walitusimamisha kwenye kizuizi. Musyoka akatoa karatasi ya daktari wa mifugo wa Mwingi, inayosema mbuzi ni wazima na wanaruhusiwa kusafiri. Anaitoa kama pasi ya mfalme. Tukapita.

Makueni ni kuzuri. Matuta yamechongwa mlimani safi kama nywele zilizosukwa. Kwetu Migwani tunalaumu mvua. Hawa wana mvua ileile.


Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa hasira.

Ilianza vyema. Tulimchukua Kyalo Emali, amevaa koti lisilomtosha. Barabara ya kwenda Loitokitok imenyooka, lami tupu, na mbele yetu mawingu. Mara mawingu yakafunguka juu, mahali ambapo nilidhani ni mbingu tu, na kumbe ni mlima. Kilimanjaro. Theluji yake iko juu sana kuliko pale unapotafuta. Mwende alisimamisha gari kando, akazima injini, akasema, "Mimi hupita hapa na machungwa na bado husimama." Nilimpenda.

Kisha mpaka.

Sisi watu, sawa. Pasi za muda, picha, muhuri. Gari, sawa. Kisha afisa wa mifugo, kijana mpole, akazunguka nyuma ya pikapu. Musyoka akampa ile karatasi yake. Kijana akaisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Mzee, hii ni ya kutoa mbuzi Mwingi mpaka hapa. Hapa ndio inaishia. Kuvuka ni kibali ingine, na wenzetu upande ule pia watoe yao. Siwezi achilia."

Kati yetu sote hakuna aliyefikiria. Tulifikiria rangi ya beberu. Tulifikiria nani ataongea kwanza na nani atashika kamba. Tumebeba mbuzi kutoka Kitui, tumepita Machakos na Makueni, tunawapeleka nchi nyingine ya watu, na kwa akili zetu mpaka ni wa wanadamu. Musyoka siku nne anatufundisha ntheo, na mbio zake za sakafuni zikaishia ukingoni pale getini. Akageuka akasema turudi nyumbani, tutafute vibali, tuje Desemba.

Desemba! Mtoto atakuwa ananyonya.

Kyalo akasema tununue mbuzi wengine ng'ambo. Musyoka akamkata: "Yaani umpelekee mtu mbuzi ya jirani yake? Hiyo ni kununulia mtu shati yake mwenyewe." Nimechukia kwamba nakubaliana naye. Wangetupokea, ndiyo. Lakini nawajua wazee wa ukoo wa Kyalo. Wangeuliza mbuzi zilitoka wapi.

Mwenye bodaboda mmoja akatusogelea. Anajua njia kupitia mashamba ya mahindi, mbuzi watatu si kitu, giza likiingia tu. Nilisema ndiyo. Sikufikiria mara mbili. Mwende akafunga mlango wa nyuma wa pikapu kwa kishindo, akanigeukia. "Kalunde, asi! Tunaoa ama tunaiba? Hawa mbuzi wakipita kwa mahindi, huyo msichana atakuwa amepita kwa mahindi."

Niliona aibu. Alikuwa sahihi na mimi nilikuwa tayari kabisa.

Tumelala Loitokitok. Mbuzi wako kwenye ua wa mama mwenye nyumba alikokuwa amepanga Neema. Mama mkarimu. Amewapa majani na hajauliza swali.


Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Asubuhi Mwende aliamua. Musyoka abaki na mbuzi. Yeye, mimi na Kyalo tuvuke, twende tukaseme ukweli kwa wakwe kwa midomo yetu. Mwenye kosa huenda mwenyewe, hatumi simu.

Tukavuka. Lango, bendera, kisha uko nje ya nchi yako na udongo ni uleule mwekundu. Mwende alishika usukani kwa mikono miwili, mara ya kwanza safari yote. Baadaye akasema aliogopa. Haikuonekana.

Rombo kunashangaza. Migomba imefunika nyumba, kahawa chini ya migomba, mfereji wa maji unapita kando ya njia na hakuna anayeupigania. Kila ua umefagiwa. Nilitazama viatu vyangu.

Walikuwa wamejaa uani, wamevaa, wanatungoja. Wakatazama nyuma ya gari. Tupu.

Baba yake Neema alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri hadi nikaona haya kufungua mdomo wangu. Nilisimama, nikasema. Nilisema mbuzi wako Loitokitok, kwamba ni ujinga wetu, kwamba si dharau. Kisha, sijui ilitokaje, nikasema na yale mengine. Ya mazishi. Ya swali la yule mzee. Ya sanduku. Sijawahi kuyasema mbele ya watu, na nimeyasema mbele ya Wachaga thelathini wenye sahani mikononi. Neema alikuwa amekaa karibu na mlango. Alianza kulia kabla yangu.

Wanaume wakaanza kunong'onezana. Wengine waliona tungoje vibali, wengine wakasema desturi ni yenu, kwetu si lazima, msijisumbue. Walisema kwa wema. Lakini nilihisi inaniponyoka.

Kisha bibi yake Neema, Bibi Anastazia, mwembamba, fimbo mkononi, kitenge cha bluu. Aliuliza tu mbuzi hao wamekatazwa na nani. Akaambiwa. Akauliza na yeye amekatazwa na nani. Hakuna.

"Basi mbuzi hawana ruhusa, mimi ninayo. Leo ni soko Loitokitok, nimevuka pale tangu sijaolewa, nikiuza ndizi. Nileteeni viatu."

Baba yake Neema akasema, mama, mahari hupokelewa nyumbani, si safarini. Bibi akamtazama mtoto wake yule mwenye mvi kama anamtazama kuku aliyeingia jikoni. "Nyumbani ni pale nilipokaa mimi. Mkwe wangu ameeleza vizuri. Wewe hukusikia?"

Mkwe wangu. Ni mimi huyo.

Tukarudi msafara, Kyalo na Neema pia. Pikapu ya Mwende imejaa wazee nyuma, ndizi, na madebe ya mbege, pombe yao ya ndizi. Bibi mbele kati yangu na Mwende, fimbo magotini. Pale getini maafisa wa pande zote wanamjua. Mmoja alimwamkia, "Shikamoo bibi, leo unauza nini?" Akajibu, "Leo siuzi. Leo naoza." Yule kijana wa mifugo alitoka ofisini kututazama. Alicheka, akatupungia mkono.

Musyoka alikuwa amekaa na mbuzi, amenyong'onyea. Alipoona gari likimwaga wakwe alisimama, akachomekea shati. Kisha, Musyoka ni Musyoka, akaanza kusema ntheo lazima iingie lango la kwao msichana. Bibi hakubishana. Alikwenda hadi kwenye mlango wa kile chumba Neema alichokuwa akishonea, akaomba kiti, akakaa kizingitini. "Nilimpangia mimi chumba hiki. Leteni."

Kaka yangu amekuwa na maneno tangu azaliwe. Yaliisha. Akashika kamba, akawapeleka.

Wakawapokea mmoja mmoja. Beberu akachinjwa pale pale, Kyalo na Neema wakala pamoja, watu wakiangalia, mashahidi wa nchi mbili. Majike wamekabidhiwa, na kwa vile hawawezi kuvuka Bibi amewaacha kwa yule mama mwenye nyumba amlishie. Watazaa Kenya, anasema, atakuja kuwaona siku za soko. Mimi mtu wa kanisa nimeonja mbege. Kidogo. Ni chachu na tamu, na sitamwambia mchungaji.

Musyoka amenijia jioni akasema Bibi yule angekuwa mzee wa ukoo wa mume wangu mambo yangu yasingekuwa yalivyokuwa. Ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia.


Jumapili, 10 Agosti

Kurudi. Mlima haukuonekana, mawingu matupu. Musyoka amelala njia nzima, kinywa wazi.

Nimemwambia Mwende kwamba yeye ndiye aliyeniozea mtoto. Amesema nipunguze maneno, anatafuta gia.


Jumatano, 13 Agosti

Ndengu. Vumbi. Bei imeshuka.


Alhamisi, 28 Agosti

Neema yuko hapa tangu Jumatatu. Atakaa nami hadi ajifungue. Tumbo limekua, miguu inavimba, anakula maembe mabichi sijui anayatoa wapi msimu huu.

Leo asubuhi nilikuwa nafungua duka. Ametoka jikoni, mkono kiunoni, akaniambia gunia la makaa limekaa njiani, atajikwaa, nilitoe. Tena mahali pake si pale. Pale ataweka cherehani. Hakusema tafadhali. Akarudi ndani.

Nilisimama. Miaka kumi na moja kwa wakwe zangu sikuwahi kuhamisha hata kijiko bila kuuliza.

Nimelihamisha.