Baba Aliyechorwa Mkubwa

Jumanne, Salgaa

Mkono bado inavuja damu kwa kitambaa, lakini wacha niandike.

Mwalimu wa kuchora aliniita, juu mimi hupaka malori rangi, nionyeshe watoto wa Gredi 8 vile barabara inachorwa ikienda mbali mpaka inakuwa nukta. Nikawaambia kitu ikiwa mbali inakuwa ndogo. Wakashika haraka.

Brayo peke yake alichora mtu kule mwisho wa barabara, mkubwa kushinda lori.

"Wee Brayo, huyo ni jitu ama mnara wa simu?" Nilimtania hivyo, wenzake wakacheka.

"Ni babangu."

Nilichukua raba nikamfuta, nikamrudisha mdogo kama siafu. Brayo akanidunga mkono na kompasi, akachomoa, akadunga tena. "Babangu si mdogo! Babangu si mdogo!"

Dipti, yule naibu wa mwalimu mkuu, aliingia akamzaba kofi mpaka akagonga dawati, damu ikatoka mdomoni, akampiga teke akiwa chini. "Kesho unafukuzwa, mbwa wewe!" Mimi nilisimama tu hapo. Hii aibu yangu ya kuongea...

Msichana mmoja ndiye aliniambia kwa mlango. Babake Brayo aligongwa na lori akafa, hapa hapa hailwei, yeye akiona.

Kesho naenda kwa hedi kabla hawajamfukuza. Nitasema ni mimi nilimfuta babake. Dipti akitaka kunizaba, anizabe.

Na Brayo nitamwambia akichora tena asimame kule mwisho wa barabara, karibu na baba. Ukiwa karibu na yeye, lori ndio inakuwa ndogo.