Simu Imemkubalia Mama

Mji wa Baraka, siku ya ine ya juma

Jioni yote simu imenikatalia. Haya masomo ya Kiingereza ni kaka yangu mkubwa, yaya Asukulu, aliniwekea ndani ya simu, kabla ya kupanda milimani, Fizi. Tangu bunduki zilie kule juu, namba yake haipatikani.

Somo la leo lilitaka niseme kwa sauti, kwa Kiingereza: kaka yangu anarudi nyumbani leo. Nikasema, ikakataa. Nikarudilia, ikakataa tena. Sauti ilikuwa inatetemeka, nafikiri ni hiyo tu.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, karibu yangu. "Ni nini unasema vile kila saa?"

Ningeweza kumudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kusema kaka yangu anarudi nyumbani leo.

Akaweka mutwangio chini, akapangusa mikono. "Nifundishe."

Mama hajasoma hata Kifaransa. Nilimtajia neno kwa neno, naye akasema mara moja, polepole, mdomo karibu kabisa na simu, kama vile yaya iko ndani anamusikia. Simu ikapiga ile muziki yake ya kushangilia.

"Imekubali?"

"Imekubali, Mama."

Akaenda kuongeza unga kwenye chungu, wa mtu mmoja zaidi.

Tumemaliza kula, na bugali ya Asukulu ingali mezani, imefunikwa na sahani. Mi sitaki kuwa mwenye kuiondoa.