Waya wa Breki

Jumatatu, 3 Juni

Kitalu tena. Ndoo kutoka mtoni, mteremko, ndoo. Miche ya mninga inakauka ncha hata ikimwagiliwa asubuhi na jioni. Kiangazi kimeingia na upepo wake.

Wenzangu niliosoma nao misitu wameajiriwa kule Kenya. Mimi nimetoka Wundanyi, nimevuka mpaka, nimekuja Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa huku Kigoma, kujitolea. Kulinda sokwe wanaoishi nje ya hifadhi, na kuwasaidia wanakijiji ili wasiutegemee msitu. Ndivyo mradi unavyosema. Majiko banifu, mizinga, miche. Nyuki hawajaingia kwenye mzinga hata mmoja.

Ziwa limefungwa uvuvi tangu mwezi uliopita, samaki wazaliane. Mitumbwi imepinduliwa mchangani, wanaume wameikalia kutwa. Baba Editha, mwenye nyumba ninayokaa, ni mvuvi. Pia ni mfuatiliaji wa msitu wa kijiji, kazi ya kujitolea kama yangu. Tunapanda mlimani pamoja.

Ugali na matembele. Jana pia.

Ijumaa, 7 Juni

Nyama. Mama Editha aliiunga kwa mawese na pilipili. Wadogo zake Editha, binti yao mkubwa anayesoma mjini, waligombania kulamba sufuria. Mimi niliwekewa vipande vikubwa kwa kuwa ni mgeni. Mbuzi, alisema. Ilikuwa nyekundu sana, ngumu kidogo, tamu. Niliongezwa, nikala. Sikuuliza mbuzi katoka wapi.

Nimeshiba. Sikumbuki mara ya mwisho kuandika neno hilo.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Padri ameliombea ziwa. Baada ya misa nimewaamkia akina mama kwa Kiha, "Mwakeye," wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama Editha anasema Kiswahili changu kimekunja ngumi, kinataka kupigana na mtu. Nampenda mama huyu. Sijawahi kumwambia.

Jumatano, 12 Juni

Sokwe jike mwenye sikio lililopasuka. Tumemkuta juu ya korongo, yeye na mwanawe. Nilifurahi kwanza. Kisha mtoto akageuka.

Waya umembana kifundo cha mkono. Umezama ndani ya nyama. Mkono umevimba kama embe bovu, vidole havifungi. Hawezi kushika manyoya ya mama yake. Mama anamshikilia kwa mkono mmoja na kupanda kwa mwingine, anateleza, anajaribu tena. Kila akiuvuta ule waya kwa meno mtoto analia. Kilio chake ni kama cha mtoto wa mtu.

Nililia. Baba Editha alisimama nyuma yangu. Alisema tu, "Tushuke, dada."

Alhamisi, 13 Juni

Nilijua usiku kucha kwamba ule ni waya wa breki. Asubuhi nikaenda kuhakikisha.

Baiskeli ya Baba Editha iko nyuma ya jiko, imeegemea ukuta. Haina waya wa breki, wa mbele wala wa nyuma.

Alinikuta hapo. Hakukana. Nilimuuliza kwa nini, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nilitega pongo," alisema. "Sikumtega sokwe. Sokwe nimewafuata miaka, nawajua kwa sura."

"Lakini unajua mtego hauchagui."

"Ile nyama uliyokula Ijumaa, dada, ulidhani ni mbuzi wa nani?"

Nilikwenda nyuma ya choo nikajaribu kutapika. Haikutoka. Ilishakuwa mwili wangu.

Ijumaa, 14 Juni

Tumepanda pamoja kutegua mitego iliyobaki. Alinipeleka kwenye kila mmoja bila kusitasita, akafungua vitanzi kwa mikono yake. Tuliporudi njiani aliketi kwenye jiwe akasema ziwa imelifunga serikali, msitu tumeufunga sisi, na watoto hawajafunga kula. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani.

Nilimkumbuka mama yangu siku tembo walipomaliza mahindi yake kule bondeni karibu na Voi. Alikaa katikati ya shamba amejishika kichwa. Nilikuwa mdogo. Niliwachukia tembo na kila aliyewalinda.

Sasa mimi ndiye ninayelinda.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepanda hadi kwenye kichuguu chenye mtandao. Nimempigia Bwana Lameck, mratibu wa mradi, aliyeko Kigoma mjini. Nimemweleza kuhusu mtoto wa sokwe. Nimeomba daktari wa wanyama.

Akauliza nani katega.

Nikasema sijui.

Jumanne, 18 Juni

Daktari amefika kwa boti pamoja na askari wawili wa wanyamapori. Tumemtafuta jike asubuhi yote. Tulipompata alikuwa kwenye ukingo wa korongo. Daktari akaishusha bunduki ya dawa ya usingizi bila kufyatua. Akilala pale, alisema, ataanguka na mtoto wake, tutakuwa tumewaua wote wawili. Tukangoja ashuke. Hakushuka. Alituona, akapanda juu zaidi kwa mkono mmoja.

Hata upepo ulileta harufu ya kile kidonda.

Baba Editha ndiye aliyetuongoza. Ndiye aliyempata jike. Daktari alimpiga bega na kumsifu. Nilitamani ardhi inimeze mimi, si yeye.

Alhamisi, 20 Juni

Askari hawakuondoka na daktari. Wanazunguka kijijini na kipande cha waya tulichookota korongoni. Wameambiwa ni waya wa breki. Wamekwenda kwa fundi baiskeli, mzee Hamisi, ambaye kibanda chake kimejaa nyaya kama hizo kwa sababu ndiyo kazi yake. Wamemchukua. Amefungiwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Mzee Hamisi ana mguu mbovu. Hajapanda ule mlima tangu nifike, na nadhani tangu kabla sijazaliwa. Kila mtu anajua. Hakuna anayesema.

Nimemngoja Baba Editha aseme. Alikula, akanawa, akatoka kwenda kukaa kwenye mitumbwi na wenzake.

Ijumaa, 21 Juni

Bado hajasema. Mke wa mzee Hamisi alipita hapa nyumbani akiwa na chakula cha mumewe kwenye kapu. Alimsalimia Mama Editha. Mama Editha alishindwa kuitikia, akaingia ndani. Kumbe anajua. Bila shaka anajua, ndiye aliyepika.

Kesho boti ya askari inakuja kumpeleka mzee mjini.

Namchukia Baba Editha leo. Nimeliandika neno hilo ili nione linavyoonekana. Namchukia kwa kuwa ananiachia mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimesema.

Nilikwenda ofisini kabla boti haijafika. Mtendaji alikuwepo, askari walikuwepo. Nilisema jina lake. Nilidhani nitasema pia habari ya ziwa, ya njaa, ya kwamba ameitegua mitego yote mwenyewe. Nilisema. Lakini walipolisikia jina, mengine hawakuyataka.

Wakamfuata nyumbani. Nikawafuata nyuma, nilikuwa na hakika kwamba nikikimbia nitakuwa mwoga kuliko yeye. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Askari alimuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema.

Akavua viatu vya mvua alivyopewa na mradi, akavipanga mlangoni kimoja kando ya kingine, akaenda pekupeku hadi botini. Mama Editha alitembea nyuma yake. Mama hakunitazama. Wala Baba Editha hakunitazama.

Mzee Hamisi aliachiwa. Alipita karibu yangu akichechemea. Nilidhani atanishukuru. Alisema, "Ungengoja kidogo, mwanangu. Angekuja mwenyewe."

Sijui kama ni kweli. Sitajua.

Jumatatu, 24 Juni

Peke yangu mlimani. Nimewakuta. Mtoto amekufa. Jike amembeba mgongoni, kichwa kinaning'inia, nzi wamejaa. Anakaa, anamlaza chini, anamfukuzia nzi kwa jani, anambeba tena.

Nimekaa mbali nikamtazama hadi jua likawa kali. Kisha nikateremka kumwagilia miche, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya.

Jumatano, 26 Juni

Bwana Lameck amekuja. Amenipongeza. Anataka niandike kisa hiki kwa ajili ya wafadhili, ukurasa mmoja, na picha ya yule jike ikiwezekana. Amesema wanapenda kuona jamii inavyojisimamia.

Nikamuuliza mradi utaisaidia vipi familia. Akasema mradi hauwezi kuonekana unasaidia familia ya jangili. Alisema neno hilo, jangili, kwa sauti ya upole, kama anayenifundisha.

Nikakataa kuandika. Ataandika mwenyewe.

Amenipa nafasi ya kuhamia nyumba ya wageni huko mjini, maeneo ya Mwanga, nimalizie muda wangu ofisini. Nikamwambia nitafikiri. Nilipomweleza Mama Editha, ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alisema, "Hapa umewahi kufukuzwa?"

Nikabaki. Sahani yangu inawekwa pale pale. Tunakula bila kuongea. Ningependa anitukane.

Ijumaa, 28 Juni

Kigoma. Tumepanda boti alfajiri, Mama Editha nami, tukashukia mwalo wa Kibirizi. Kutoka pale bodaboda hadi Gungu kumchukua Editha shuleni. Msichana mrefu, ana macho ya baba yake. Alinishikia mkoba, akaniamkia vizuri, shikamoo dada. Mama yake hakuwa amemwambia ni nani aliyesema. Akamwambia pale pale njiani, kwa Kiha, maneno machache. Editha aliurudisha mkoba mkononi mwangu taratibu.

Mahakamani tulingoja. Kesi imeahirishwa, upelelezi haujakamilika. Dhamana haikupatikana. Baba Editha alipitishwa mbele yetu na wengine. Amepungua. Mkewe alimuuliza kama anakula. Akasema anakula. Kisha akaniuliza mimi habari za jike.

Nilimwambia mtoto amekufa.

Akaitika kwa kichwa. Akauliza kama bado amembeba. Nikasema jana alikuwa bado. Akasema, "Atamwacha karibu na maji. Wengi huwaacha huko." Wakamwondoa.

Nilikuja huku nikiamini kuna njia ya kuwaokoa sokwe na watu kwa pamoja, na kwamba kazi ni kuipata tu. Leo siamini. Siamini lolote. Nimeona mtoto mmoja akifa, baba mmoja akifungwa, na hakuna aliyeshiba zaidi.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda misani. Mama Editha naye hakwenda. Aliketi kwenye mkeka mbele ya jiko, akaninyooshea kitana. Nikakaa nyuma yake nikaanza kumsuka. Nywele zake ni laini, zina mvi kisogoni ambazo kilemba huzificha. Watoto walikuwa ziwani wakioga. Tulisikia sauti zao.

Nilipofika nusu akaniuliza narudi kwetu lini. Nikasema mwisho wa mwezi wa saba.

Akainamisha kichwa zaidi ili nikifikie vizuri.

"Basi kaza," alisema. "Zikae."