Ulijua Inabidi Kushuka

Deo, mshikaji wangu,

Leo nimefungua duka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Wateja wa hapa Majengo wanaleta simu zilizovunjika vioo, wanatoa pole, wanakaa kidogo, wanaondoka. Chumba cha nyuma sijakigusa. Ndege yetu ya mbao, ile tuliyokuwa tunairusha kwenye kompyuta, ipo vilevile, skrini zina vumbi, na zile barakoa mbili tulizonunua kwa wapiga rangi wa magari zinaning'inia, kila moja upande wake. Yako nimeigeuzia ukutani. Nina hasira na wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha mambo ya hewa. Kabla hujaniruhusu kuwasha injini, ilikuwa lazima kila mmoja aijaribu barakoa yake, avute pumzi, aseme kwa sauti kama iko sawa. Nilikuwa nacheka. Mashine yenyewe kompyuta, hewa yenyewe ya chumbani. Wewe hukucheka. Ulisema abiria wana hewa ya dakika chache tu juu ya viti vyao, lakini marubani wana mtungi wao, ili wabaki na akili ya kuishusha ndege mpaka pale hewa inapowatosha wote. "Vaa, uliza kama mwenzako anakusikia, shuka." Ulinikaririsha hayo mpaka nikawa nayaota.

Basi nieleze hili. Msibani nilimkuta dada yako Yustina, amepanda kutoka Kasanga, kule ziwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia pembeni. Baadaye akaniita nyuma ya jiko. "Kasiani, daktari alishamwambia, mapafu yako hayaiwezi hewa ya huku juu, teremka ukakae ziwani. Chumba nilishakipaka chokaa. Kila nikimpigia ananijibu, Kasiani hataki niondoke, duka litamshinda. Ungemwacha tu aje, mdogo wangu."

Mimi? Deo, mimi hata kuumwa kwako sikukujua. Nilikuuliza. Ulipokuwa unasimama katikati ya kile kilima cha Kizwite ukijifanya unasoma simu, nilikuuliza. Ulipoivua barakoa katikati ya safari ukasema unasikia joto, joto la Sumbawanga, mwezi wa sita, na baridi yote ile, nilikuuliza. "Niko poa, we rusha ndege." Nikaamini, kwa sababu sheria ya kujibu ukweli uliiweka mwenyewe.

Ungeniambia, ningefunga duka siku hiyohiyo tukateremka wote. Simu zinaharibika hata Kasanga. Nadhani hilo ulilijua, ndiyo maana ukanyamaza. Ulitaka kubaki kapteni wa kile chumba, hukutaka kwenda kuwa mgonjwa kwa dada yako. Sawa, tungegombana, ningekuelewa. Kinachoniuma ni kwamba ulihitaji mtu wa kusingizia, ukaona mimi nafaa. Sasa mama yako ananikaribisha ugali wa ulezi kwa adabu, kwenye sahani yangu peke yangu. Kwake sijawahi kuwa na sahani yangu, tulikuwa tunakula pamoja.

Nilitaka kumjibu Yustina palepale. Lakini udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi, na marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo nikasimama pale nyuma ya jiko nikaomba msamaha kwa kosa lako. Niliomba msamaha, Deo.

Jumamosi ninateremka Kasanga. Nitamwambia dada yako ukweli wote, uso kwa uso, na sitakupunguzia chochote. Akikataa kuniamini, shauri yake. Barakoa yako nitaibeba, nimwombe aitundike kwenye kile chumba alichokupakia chokaa. Angalau kitu chako kimoja kifike.

Haya, pumzika. Nakuahidi kwamba ndege sitaivunja, hata fundi mbao akija kuziulizia zile mbao. Siku hasira ikipungua nitaiwasha. Nitavaa yangu, nitakuuliza kama unanisikia, na kwa mazoea nitangoja kidogo. Ila usiniambie tena kwamba uko poa.

Wako bado,
Kasiani