Mtu wa Milimani na Mto Kagera

Malindi, Lushoto

Dada yangu mpenzi Yudith,

Shikamoo dada. Habari za huko Kyaka, na miguu bado inakusumbua? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma, lakini nimeizoea kuliko maneno ya shemeji.

Tangu tumzike mume wangu Nikodemo, mdogo wake Benjamini ananiambia nirudi kwetu Kagera. Juzi aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akawatangazia majirani kuwa shamba ni lake. Loo! Nilicheka kwa hasira. Nilikumbuka tulivyokuwa wasichana, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na redio yao ikatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera si yetu tena. Wako wapi leo?

Jumamosi ukoo ulikaa. Benjamini akasema mimi ni mtu wa kuokotwa vitani, kwamba kaka yake alinibeba mgongoni akanivusha Mto Kagera, na kwa kuwa mkombozi wangu amefariki, sina changu hapa. Nikasimama, nikawauliza nani kati yao aliwahi kumwona Nikodemo akiogelea. Mtu wa milimani yule, hata kijito cha bondeni alikuwa akizunguka kutafuta daraja!

Dada, hata wewe ulimshukuru kila Krismasi, nami nikanyamaza. Ukweli ni huu. Ninyi mlikuwa mmetangulia kuvuka, daraja likavunjwa nyuma yenu. Nilimkuta Nikodemo akiwa askari wetu aliyepotezana na wenzake, goti limeumia. Nikamficha migombani chini ya majani makavu, kisha nikafunga chelezo cha migomba, nikamlaza juu, nikakisukuma huku naogelea. Alifumba macho akimwita Mungu kwa Kishambaa mpaka ng'ambo! Baadaye alirudi na jeshi kutukomboa, hilo simnyimi. Ya mtoni aliona haya kuyasimulia, nami nilimpenda, nikamwachia sifa. Shamba simwachii mtu.

Mzee Rubeni, mkubwa wa ukoo, alicheka mpaka machozi, akakiri kwamba Nikodemo aliogopa maji tangu utotoni. Akamwamuru Benjamini arudishe masale. Nikakataa, nikayapanda mwenyewe, yeye akiyashika yasimame wima.

Basi kile kipande cha ardhi unachonitunzia huko ili nirudi siku moja, mpe mjukuu wako Glory. Nilikimbia mara moja, inatosha. Wasalimie wote, na Krismasi hii njoo wewe kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Esteria, mwenye shamba